Mpango wa Chakula wa Disney: Piga Hesabu ya Familia Yako Kabla ya Kulipa

Ukiagiza safari ya Walt Disney World, kule Florida, baada ya kuchagua hoteli na siku za kuingia bustanini utaulizwa swali moja zaidi: uongezewe mpango wa chakula? Wengi hukwama hapo. Kiasi kinachoongezeka ni kikubwa, na kila ndugu aliyewahi kwenda ana neno lake. Mmoja atakuambia walikula wakasaza na gharama ikapungua, mwingine atakuambia fedha yake ilikwenda bure. Usimtilie shaka yeyote kati yao. Mpango uleule humfaa mmoja na kumuumiza mwingine, na kinacholeta tofauti ni umri wa watoto, vinywaji mnavyokunywa, na mara ngapi mnataka kukaa mezani na kuhudumiwa.

Nayaandika haya nikizifikiria familia zetu zilizo Marekani na Kanada, zile zinazotuma ada za shule nyumbani huku zikidunduliza kwa ajili ya safari moja ya watoto. Kwa familia ya namna hiyo dola mia tatu ni fedha nzito. Inastahili nusu saa ya kalamu na karatasi kabla haijatoka mfukoni.

Unachonunua hasa

Mpango huu, Disney Dining Plan, ulianza kwa sura yake ya sasa mwaka 2005. Ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudi tarehe 9 Januari 2024. Huuzwa kwa wageni wanaolala katika hoteli za Disney zenyewe na kununua chumba kama kifurushi. Ukipanga nyumba kule Kissimmee au ukilala kwa shemeji yako Orlando, haukuhusu, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi mwisho wa makala haya ninapozungumzia kula bila mpango.

Usidhani ni kama zile hoteli za Diani au Nungwi ambako ukishalipa unakula na kunywa kutwa bila kuhesabiwa. Hapa unahesabiwa. Kila mtu hupewa kuponi za kielektroniki kulingana na idadi ya usiku anaolala. Mpango mdogo, wa kaunta, humpa kila mtu kuponi mbili za mlo wa kaunta kwa kila usiku, yaani chakula unachoagiza na kujibebea mwenyewe hadi mezani, pamoja na kuponi moja ya kitafunwa. Mpango mkubwa, wa mezani, hutoa kuponi moja ya mlo wa mezani, ambapo mhudumu anakuletea, moja ya kaunta, na moja ya kitafunwa. Katika mipango yote miwili kila mtu hupata kikombe cha kujazia soda, chai au kahawa. Kikombe hicho hujazwa kwenye hoteli za Disney. Ukienda nacho bustanini utakibeba kikiwa kitupu.

Mlo wa kaunta ni chakula kikuu na kinywaji kimoja. Mlo wa mezani ni chakula kikuu na kinywaji, na mchana au jioni kuna kitinda mlo, au kama mgahawa ni wa bafe, bafe nzima pamoja na kinywaji. Bakshishi haimo. Jambo hili huwashtua watu wakati bili ya mezani inapoletwa, maana Marekani mhudumu hutegemea bakshishi hiyo kuishi, na asilimia 18 hadi 20 ya bei ya chakula ni desturi isiyokwepeka. Mkiwa sita au zaidi, asilimia 18 huongezwa kwenye bili bila kuulizwa.

Mpango uliporudi mwaka 2024, ule wa kaunta ulikuwa dola 57.01 kwa usiku kwa mtu mzima na dola 23.83 kwa mtoto. Ule wa mezani ulikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima na dola 29.69 kwa mtoto. Bei hupanda, kwa hiyo utakapokaa kupiga hesabu weka bei za mwaka wako. Mimi nitatumia hizi za 2024 hadi mwisho ili ufuate njia, na njia haibadiliki.

Kuna masharti mengine matatu ambayo hayaonekani kwa ukubwa unaostahili. La kwanza, kuponi huhesabiwa kwa usiku, lakini ninyi mnakula kwa siku. Mkilala usiku tano mtakuwa pale siku sita, na kuponi ni za usiku tano. Hata hivyo mnaweza kuzitumia mpendavyo ndani ya safari, leo tatu na kesho hakuna, mradi mkumbuke kwamba saa sita ya usiku wa siku ya kuondoka zilizobaki zinakufa. La pili, kila aliyeandikwa kwenye chumba hicho na mwenye umri wa miaka 3 au zaidi lazima alipiwe, na kwa usiku wote. Bibi aliyekuja kuwasaidia na watoto, ambaye jioni anatosheka na chai na kipande cha mkate, naye analipiwa dola 94. Kama mnachukua vyumba viwili, viagizeni kwa maombi mawili tofauti, na chumba cha bibi kinaweza kubaki bila mpango. La tatu, ni milo miwili tu kwa siku. Wa tatu mnajitegemea.

Miaka 9 na miaka 10

Kwa Disney, mtoto ni mwenye miaka 3 hadi 9. Akitimiza 10, kwenye chakula anahesabiwa mtu mzima. Sharti hili moja lina uzito kuliko mengine yote, na familia zetu zenye watoto wanne au watano hulisikia zaidi kuliko ile ya watoto wawili wadogo ambayo matangazo huionyesha.

Tazama bei tena. Kumtoa mtoto wa miaka 8 kwenye mpango wa kaunta na kumweka kwenye mpango wa mezani kunaongeza dola 5.86 kwa usiku. Kwa mtu mzima nyongeza ileile ni dola 37.27. Yaani kwa chini ya dola sita mwanao anabadilishiwa sahani ya vipande vya kuku na kuingizwa kwenye bafe pamoja na Mickey, ambayo ukilipia pale mlangoni kwa mtoto huwa zaidi ya dola 35. Hakuna kitu kingine katika mpango huu chenye faida iliyo wazi kiasi hicho. Halafu dada yake wa miaka 10, ambaye pengine anakula kidogo kuliko yeye, anagharimu dola 64.59 zaidi kwa kila usiku. Kwa usiku tano ni karibu dola 323, kwa sababu ya siku ya kuzaliwa.

Kwa hiyo anza kwa kuandika majina ya watoto na umri watakaokuwa nao siku ya kufika. Ikiwa wengi wao wako chini ya miaka 10, endelea na hesabu, kuna uwezekano wa kufaidika. Wakiwa wengi wamevuka, mpango wa mezani utakuwa na kazi ngumu ya kujilipa. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipiwi kabisa, anakula kwenye sahani yenu, na kwenye bafe hula bure.

Glasi iliyo mezani

Kinywaji kinachoingia kwenye kuponi kinaweza kuwa bia, divai au kokteli kwa mwenye miaka 21 au zaidi. Kokteli moja pale huenda dola 15 na kuendelea, soda ni kama dola 5. Mtu anayeagiza kokteli kwa kila kuponi anazidi soda yako kwa dola 10 kila mlo, na ninyi wawili mmelipa bei moja.

Kwa Mwislamu, kwa Mlokole, kwa Msabato, na kwa yeyote asiyekunywa, maana yake ni kwamba ushuhuda wa mwenzako kazini kwamba mpango "ulilipa" haukuhusu mpaka ujue alikuwa anakunywa nini. Hesabu nyingi zinazosifu mpango wa kaunta kwa watu wazima zimebebwa na pombe. Njia ya kupunguza hasara ipo: mahali penye milkisheki au juisi nzito ya matunda, kuponi huzikubali pia, na hizo zina bei kuliko soda. Lakini ni nani atakunywa milkisheki mara mbili kwa siku katika joto la Florida na bado ale chakula?

Suala la halali nalo limo kwenye hesabu, si la imani peke yake. Kama nyama huwezi kuila bila uhakika wa uchinjaji, utabaki na samaki, mboga na pasta, ambavyo mara nyingi ndivyo vyenye bei ya chini kwenye orodha. Kuponi moja inanunua nyama ya dola 40 na inanunua pasta ya dola 24 vilevile. Waandikie Disney kabla ya kulipa, utaje mikahawa mnayoitaka kwa majina, uulize kila mmoja unaweza kuwaandalia nini, na usubiri jibu la maandishi. Bafe za asubuhi za Kimarekani karibu zote huwa na bekoni na soseji za nguruwe, kwa hiyo waelekeze watoto mapema. Mkiketi, mwambieni mhudumu na ombeni mpishi aje azungumze nanyi. Wapishi wa kule wamezoea kuulizwa kuhusu karanga, gluteni na mengineyo, na si usumbufu kwao.

Hesabu ya familia moja

Tuchukue baba, mama, mtoto wa miaka 12, wa 8 na wa 5. Wanalala usiku tano. Kwa mpango wa mezani ni "watu wazima" watatu kwa dola 282.84 kwa usiku, na watoto wawili kwa dola 59.38. Jumla ni dola 342.22 kwa usiku, dola 1,711.10 kwa safari.

Sasa waweke walipe mfukoni. Nakisia mlo wa kaunta na soda kuwa dola 18 kwa mtu mzima na dola 9 kwa mtoto, kitafunwa dola 7, na bafe yenye wahusika wa Disney dola 65 kwa mtu mzima na dola 42 kwa mtoto. Wewe chukua orodha za vyakula za mikahawa yenu, zimo kwenye tovuti ya Disney pamoja na bei, ubadilishe makisio yangu. Kumbuka kwamba bei za orodha hazina kodi ya mauzo, ambayo katika Orange County ni asilimia 6.5, na bei ya mpango tayari ina kodi ndani yake.

Wakila kaunta mchana, kitafunwa kimoja kila mtu, na jioni zote tano waketi na wahusika, chakula kitafika dola 1,930, na pamoja na kodi ni kama dola 2,055. Mpango umewaokolea karibu dola 340.

Wakiketi na wahusika jioni mbili tu, na jioni tatu wale kaunta, jumla na kodi ni kama dola 1,394. Mpango umewapotezea karibu dola 317.

Jioni tatu: bado wanapoteza, kama dola 97. Jioni nne: wanafaidika kama dola 124. Kwa familia hii basi mstari uko kati ya milo mitatu na minne ya wahusika katika usiku tano. Kama mtoto mkubwa angekuwa na miaka 9 badala ya 12, jioni tatu zingetosha.

Na wakiketi mezani jioni zote tano lakini kwenye mikahawa ya kawaida, isiyo na bafe wala wahusika? Chukua chakula kikuu dola 28, soda dola 5 na kitinda mlo dola 11 kwa mtu mzima, na dola 14 kwa mtoto. Inakuja kama dola 1,422 na kodi, na mpango umewapotezea zaidi ya dola 280. Tena hapo nimehesabu kitinda mlo kwa kila mtu mzima kila usiku, jambo ambalo familia chache sana hulifanya zikiwa zinalipa mfukoni.

Ukiigawa hesabu hii kwa kichwa utaona faida inatoka wapi. Mtu mzima anayekula bafe ya dola 65 kila jioni anamaliza siku kwa kama dola 96 pamoja na kodi, na amelipa dola 94. Amerudisha fedha yake, basi. Mtoto anakula cha dola 62 na amelipiwa chini ya dola 30. Zile dola 340 karibu zote zimeletwa na wale watoto wawili.

Mpango wa kaunta kwa familia hiyohiyo ni dola 1,093.45. Milo hiyohiyo kwa fedha taslimu na kodi ni kama dola 953. Hasara ni dola 140, nayo hupungua hadi karibu kuisha ikiwa wote watano wangenunua vile vikombe vya kujazia, ambavyo kimoja huuzwa kwa dola 20 na kitu. Je, mngevinunua? Kama mpo bustanini tangu asubuhi hadi usiku, kikombe kinachojazwa hotelini kitawafaa kwa kahawa ya asubuhi, na si zaidi.

Kuna kitu kimoja ambacho ulinganisho wa namna hii hukificha. Bakshishi ya meza ya wahusika kwa familia hii ni kama dola 50 kwa jioni. Wenye mpango wa jioni tano watatoa dola 250 juu ya dola 1,711, jumla dola 1,961. Wenye jioni mbili bila mpango watatoa dola 100 juu ya dola 1,394, jumla dola 1,494. Wa kwanza wameokoa dola 340 kwa bei za pale, na bado wametoka na dola 467 pungufu mfukoni kuliko wa pili. Kuokoa kwenye kitu ambacho usingekinunua ni kutumia. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza, kabla hata ya kugusa bei, ni hili: kama mpango huu usingekuwepo, tungeketi mezani mara ngapi? Liulize mbele ya mwenzako na mwandike namba. Hiyo ndiyo namba ya kupigia hesabu.

Kuponi mbili kwa mlo mmoja

Mikahawa ya daraja la juu na maonyesho ya chakula cha jioni huchukua kuponi mbili za mezani kwa kila mtu. Cinderella's Royal Table, iliyo ndani ya kasri la Magic Kingdom, ni mmojawapo, na pia lile onyesho la Hoop-Dee-Doo Musical Revue. Ukitoa thamani ya mlo wa kaunta na kitafunwa kwenye zile dola 94, kuponi ya mezani ya mtu mzima inakugharimu kama dola 68. Mbili ni karibu dola 135. Mlo wa mtu mzima ndani ya kasri haufiki huko. Binti yako akitaka kula na Cinderella, mpeleke, ni siku atakayoikumbuka, lakini lipia kwa kadi yako na uziache kuponi kwa ajili ya bafe.

Kwa upande mwingine, kuponi moja haijali kama ni asubuhi au jioni. Bafe ya asubuhi ni rahisi zaidi kuliko ya jioni mahali palepale, na kuponi inayoliwa ni ileile moja. Wenye mpango waende jioni. Wasio na mpango wanaotaka wahusika kwa bei ya chini waende asubuhi, washibe hadi saa nane mchana, na wamevuka mlo mmoja.

Mahali penye majina ya kwetu

Watoto wanaosikia Kiswahili nyumbani watafurahi kusoma mabango ya Animal Kingdom. Kijiji cha Harambe kimejengwa kwa sura inayokumbusha mji wa pwani ya Afrika Mashariki, na humo mna Tamu Tamu pa vitu baridi, Mahindi pa bisi, na Kusafiri pa kahawa na mikate. Tusker House, palepale kijijini, ni bafe ya kuponi moja ambapo Donald na wenzake huja wamevaa nguo za safari. Mle chakula kina viungo kuliko kwingi, na watoto waliozoea pilau hawatalalamika. Ni mahali pazuri kwa kuponi ya mezani.

Nje ya bustani hiyo kuna Animal Kingdom Lodge, yenye majengo ya Jambo House na Kidani Village, na twiga na pundamilia hula majani nje ya madirisha. Kwenda kula pale hakulazimu ulale pale. Bafe ya Boma, jioni, ni kuponi moja na ina supu, samaki, nafaka na nyama za kuchoma za aina nyingi. Mgahawa wa Sanaa ni kuponi moja vilevile, na sahani yake ya mikate ya Kihindi pamoja na achari na chatini ndiyo inayojulikana zaidi. Ukinunua mikate hiyo kwa fedha mkagawana watu wanne, mmepata mlo wa nafuu kuliko kuponi nne. Jiko ni mgahawa wa daraja la juu, kuponi mbili, na kwa sababu nilizokwisha kuzieleza ungelipia taslimu.

Siku 60 kabla

Kuponi haikuhakikishii kiti. Mikahawa ya wahusika hujaa mapema, na nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Anayelala hoteli ya Disney, siku ya 60 kabla ya kufika, anaweza kuagiza kwa ajili ya siku zote za safari yake hadi siku 10 kwa mara moja. Hiyo ni faida kubwa, hasa kwa meza ya watu watano au sita ambayo ni adimu kuliko ya wawili. Amka alfajiri siku hiyo, saa za mashariki ya Marekani, ukiwa na orodha tayari. Anza na siku za mwisho za safari, kwa kuwa wengine wengi bado hawajafikia tarehe hizo.

Kama bado hamjaamua kuhusu mpango, agizeni meza kwanza. Kuagiza hakuhitaji mpango, na kufuta ni bure mradi ufute angalau saa mbili kabla. Ukipuuza, utatozwa dola 10 kwa kila mtu. Mkipata meza nne za wahusika, mpango una maana. Mkiambulia moja, jibu mmelipata bila kulipa kitu. Huu ndio utaratibu ninaoupendekeza kuliko mwingine wowote, kwa sababu unaacha meza halisi ziamue badala ya matumaini.

Kadirieni na muda pia. Mlo wa mezani huchukua saa nzima au moja na nusu, na kama mgahawa uko hotelini ongeza basi au treni ya kwenda na kurudi. Jioni tano za namna hiyo zinakula muda mwingi wa bustani ambayo tiketi yake mmelipia ghali. Familia yenye watoto wa miaka 4 na 5 huushukuru muda huo wa kukaa kwenye kiyoyozi. Vijana wa miaka 14 watakaa wakitazama saa.

Ofa ya chakula cha watoto

Kwa wageni wa mwaka 2026, Disney ilitangaza kwamba watoto wa miaka 3 hadi 9 watapewa mpango bila malipo pale watu wazima wa chumba wanaponunua mpango kwenye kifurushi. Kwa familia yetu ya mfano hiyo ni dola 296.90 imeondoka, na mizani inaegemea upande wa kununua. Lakini ofa za chakula kwa kawaida haziunganishwi na punguzo la chumba, kwa hiyo omba bei mbili: kifurushi chenye ofa, na kifurushi chenye chumba kilichopunguzwa bila mpango wowote. Chumba cha dola 250 kikipunguzwa asilimia 20 kinakurudishia dola 250 kwa usiku tano, bila kukulazimisha kununua kuponi za watu wazima watatu.

Bila mpango

Wanaoamua kutonunua wana mengi ya kujisaidia nayo. Disney huruhusu kuingia bustanini na chakula na vinywaji visivyo na pombe, mradi hakuna chupa za glasi wala barafu isiyofungwa. Mnaokuja kwa gari kutoka Georgia au Carolina, chapati na sambusa za nyumbani zinapita getini. Vyumba vya hoteli vina friji ndogo, na unaweza kuletewa maziwa, matunda, mkate na mayai ya kuchemsha kutoka dukani. Vyumba vya familia katika hoteli ya Disney ya Art of Animation hulaza watu sita na vina jiko dogo lenye mikrowevu, na kwa familia kubwa jiko hilo linaokoa kuliko mpango wowote wa kuponi. Maji baridi yenye barafu hutolewa bure kwenye kaunta zinazouza vinywaji. Omba, usinunue chupa.

Kuna wazazi ambao hata baada ya hesabu yote hii wanataka kulipa kabla, na nawaelewa. Kila kibanda mtoto anaomba, na kila mara baba anatazama bei mbele ya watoto. Kusema "chagua" bila kuhesabu moyoni kuna thamani yake. Kifurushi huanza kwa amana ya dola 200 na salio hulipwa siku 30 kabla ya kufika, kwa hiyo anayelipwa kila wiki mbili anaweza kukimaliza kidogo kidogo. Ila utulivu huohuo unapatikana kwa kadi ya zawadi ya Disney. Jaza kiasi mlichokubaliana kwa chakula, mfano dola 1,400, kula kutoka humo, na kilichobaki hakifi saa sita usiku.

Mkinunua mpango, fungua programu ya simu ya My Disney Experience kila usiku kabla ya kulala na utazame kuponi zilizobaki za kila aina. Ikifika jioni ya tatu na vitafunwa bado ni vingi, anza kuvitumia asubuhi kama kifungua kinywa: kahawa, keki, matunda. Siku ya kuondoka, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, pitia duka la hoteli uchukue vitafunwa vilivyofungwa ambavyo vitawafaa watoto ndani ya ndege.